Kurasa Sita za Bi Fidda

Kila Jumanne na Alhamisi, nikitoka shule, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipanda ngazi mia moja na kumi na mbili (nimezihesabu, na magoti yangu ni mashahidi) hadi kwenye ukumbi wa ukoo wetu. Nilitua mkoba, nikanywa chai ya mnanaa iliyokolea sukari, kisha nikakaa mbele ya kompyuta kuandika majina ya watu waliokufa kabla hata babu yangu hajazaliwa.

Hapa mjini kwetu As-Salt kila ukoo una ukumbi wake. Ndimo tunamopokea wageni, tunamokaa matanga na tunamoposa na kuposwa. Ukutani mwa ukumbi wetu umechorwa mti mkubwa wa nasaba. Ni mzuri, lakini matawi yamebanana hadi hapana pa kuongezea jani, na wanawake hawamo kabisa. Ami Ziyad, mdogo wake baba na mwalimu wa kompyuta, alikuwa na ugomvi na mti huo tangu ujana wake.

"Mti wa ukutani hauulizwi swali," alipenda kusema. "Unautazama tu mpaka shingo iume. Hifadhidata unaiuliza, na yenyewe inakujibu."

Alikuwa ametengeneza majedwali mawili. La kwanza liliitwa Watu. Kila mtu alikuwa na namba yake, na kando yake namba ya baba na namba ya mama. Mimi, Sundus, nilikuwa namba 388. Ukitaka kumjua babu wa mtu, huandiki popote kwamba huyu ni babu. Unaiambia kompyuta imtafute baba, kisha baba wa huyo baba. Jedwali la pili liliitwa Kunyonya. Hilo lilikuwa na safu mbili tu, namba ya mtoto na namba ya mwanamke aliyemnyonyesha. Maana kwetu, watoto walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu, hata kama hawakuzaliwa naye, na ndugu hawaoani.

Majina ya jedwali la pili yalitoka katika daftari la Bi Fidda. Bi Fidda alikuwa jirani wa bibi yangu. Maziwa yake hayakuwa yakikauka, na kwa miaka mingi mama aliyeugua au aliyefariki alipoacha kichanga, kichanga kilipelekwa kwake. Kila mtoto, hata wa kumzaa mwenyewe, alimwandika kwa penseli, mtaa kwa mtaa, jina lake, la baba yake na siku alizonyonya, ili ndugu wasije wakaoana bila kujua. Yeye mwenyewe alikwisha kufariki. Daftari lilikuwa kwa binti yake, Mama Sabir, aliyeolewa mji wa Zarqa, naye alimwazima Ami Ziyad kama mtu anayeazima jicho lake.

"Ukimaliza tu, nirudishie," alimwambia. "Hata siku moja usililaze bure."

Kurasa zilikuwa tisa. Kila ukurasa ulikuwa na watoto wanne au watano, lakini penseli ilikuwa imefifia, na kila jina ilinibidi nilitafutie namba yake katika jedwali la Watu. Katika ukoo wetu kuna akina Jamal saba. Ukurasa mmoja ulinila mchana mzima.

Alhamisi moja nilikuwa nimemaliza ukurasa wa tatu. Chini barabarani gari likapiga honi. Rafiki yangu Rinad akatoa kichwa dirishani.

"Sundus! Tunakwenda Bahari ya Chumvi, tunalala huko! Mama amemwomba mama yako, amekubali. Una dakika tano, la sivyo nafasi yako anapewa binamu yangu yule anayetapika!"

Nilitazama daftari. Nilitazama gari. Ami Ziyad akaingia na birika la chai.

"Umefika wapi, binti yangu?"

"Nimemaliza, Ami."

"Kurasa zote tisa?"

"Zote."

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa, kama mafuta ya zeituni. Ami akanibusu utosini. Niliteremka zile ngazi mbiombio, na kule Bahari ya Chumvi nilielea na kucheka sana. Niliapa kwamba Jumanne ningemaliza kurasa sita zilizobaki kabla mtu hajajua.

Jumanne sikulikuta daftari. Ami Ziyad ni mtu wa ahadi. Jumamosi alikuwa amekwisha kulipeleka Zarqa. Tena Ijumaa aliwaambia wazee ukumbini kwamba mtoto wa miaka kumi na tatu amefanya kazi ya watu wazima watatu, na wazee wakapiga makofi nami sipo. Babu alinisimulia huku akifuta macho. Ningesema nini? Uongo uliokwisha kupigiwa makofi ni mgumu kuurudisha. Nikajiambia kwamba hakuna atakayedhurika. Majina ya zamani tu hayo, na nani anayajali?

Wiki tatu baadaye Muhannad alitaka kumposa shangazi yangu Hanadi.

Muhannad alikuwa fundi umeme, kijana wa ukoo wetu kutoka mtaa wa bondeni. Mama yake alifariki siku alipomzaa. Baba yake, ambaye alikuwa askari mpakani, hakuoa tena, basi Muhannad hakuwa na kaka wala dada. Shangazi Hanadi ni muuguzi, na ni mtu anayecheka kwa sauti hata mahali pasipofaa. Walikutana hospitalini, Muhannad alipokwenda kutengeneza taa za wodi. Kila mtu aliwapenda. Mimi nilimpenda Hanadi zaidi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na kunitetea nilipoivunja.

Bibi hakuwa na pingamizi ila moja.

"Nilipomzaa Hanadi niliugua homa mwezi mzima," alisema. "Alinyonya kwa Fidda, Mungu amrehemu. Na huyu kijana hakuwa na mama. Alinyonya kwa nani?"

"Baba yake hajui," akasema Ami Ziyad. "Alikuwa kambini. Bibi wa kijana, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia tu mtoto ameshiba, naye akashukuru, hakuuliza zaidi."

"Basi lazima tujue."

"Mama, ndiyo kazi ya kompyuta hii!" Ami Ziyad alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa mpira. Alitufungulia kompyuta tukiwa wote, Babu, Bibi, Hanadi, mimi na mdogo wangu Laith. Akaandika swali huku akitufafanulia: mtafute mwanamke aliyemnyonyesha Hanadi, kisha nipe majina ya wengine wote walionyonya kwake. Akabonyeza.

Yakatokea majina kumi na mawili. Muhannad hakuwemo.

"Hayumo," akasema Ami. "Kompyuta imesema."

Bibi akapiga vigelegele. Hanadi akafunika uso. Mimi sikuondoa macho kwenye kioo. Majina yale kumi na mawili nilikuwa nayajua moja moja. Yalikuwa ya kurasa tatu.

"Mbona umepauka kama jibini?" akauliza Laith.

"Nyamaza wewe."

"Jibini la mbuzi," akaongeza, akakimbia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Nilijipigia hesabu kwamba mji una watu wengi, kwamba kurasa sita ni watoto kama ishirini na tano tu, na kwamba haiwezekani awe yeye. Kila nikilala niliona penseli iliyofifia. Darasani mwalimu wa historia aliniita mara mbili nisimsikie. Nilimuuliza Bibi kwa ujanja kama Bi Fidda aliwahi kunyonyesha watoto wa mtaa wa bondeni.

"Fidda? Angenyonyesha hata watoto wa simba wangeletwa mlangoni. Kwa nini?"

"Basi tu, Bibi."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie, akaniwekea ndani yake tende iliyojaa lozi. Nikaitafuna pamoja na maneno yangu.

Kesho yake Hanadi aliniita nimshikie kitambaa cha gauni la uchumba. Kilikuwa cha rangi ya komamanga.

"Unajua, Sundus," akasema, pini zikiwa midomoni, "kama si kazi yako, mama angeniweka mwaka mzima akiuliza mtaa kwa mtaa. Wewe ndiye uliyenifungulia njia. Mtoto wangu wa kwanza akiwa msichana nitamwita jina lako."

Nilisema nakwenda kunywa maji. Nilikwenda bafuni, nikafungulia bomba ili nisisikike, nikalia. Nilijichukia. Nilijua kabisa la kufanya, na sikulifanya. Nilimwogopa Ami Ziyad, si kwa kuwa angenipiga, maana hajapiga mtu maishani mwake, bali kwa sababu ya yale makofi.

Ijumaa baada ya sala ujumbe wa posa ukaja. Walikuwa wanaume kama arobaini, wamevaa majoho, na mbele yao Mzee Nayif, ambaye kila ukoo mjini humtaka awe msemaji wake. Sisi wanawake, pamoja na Laith, tulikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo, Bibi amekaa mbele na mimi nyuma yake. Kahawa ya iliki ikamiminwa. Mzee Nayif akapokea kikombe chake, akakiweka mezani bila kukigusa kwa mdomo, na wenzake wote wakaweka vyao. Ndivyo ilivyo. Mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe. Babu akisema "Kunyweni kahawa yenu," posa imekubaliwa, na neno la Babu halirudi nyuma.

"Tumekuja," akaanza Mzee Nayif, "kumwomba binti yenu Hanadi, mwenye adabu na elimu, awe mke wa mwana wetu Muhannad..."

Nilimwona Muhannad amekaa mwisho kabisa, anajifuta viganja kwenye magoti. Nilimtazama Hanadi kando yangu ndani ya ile rangi ya komamanga. Mzee Nayif alikuwa anamalizia. Babu alikwisha kunyoosha mkono kuelekea kikombe.

"Bibi," nikasema. Hakusikia. Nikamvuta nguo. "Bibi! Wasinywe."

"Nini wewe?"

"Wasinywe kahawa. Sikumaliza daftari. Niliandika kurasa tatu tu. Nilisema uongo."

Bibi hakunigeukia. Alimshika Laith begani, akamnong'oneza, akamsukuma mlangoni. Laith alipita katikati ya wale wanaume arobaini, kwa mara ya kwanza maishani bila mzaha, akamwambia Babu sikioni. Mkono wa Babu ukarudi.

Wanaume wote wakamgeukia Babu.

"Mzee Nayif," akasema Babu polepole, "mmefika kwenu, na mtoto wenu ni mtoto wetu. Lakini nimeletewa neno la ndani ambalo lazima nilitazame, nalo si kasoro ya kijana wenu wala ya binti yangu. Nipeni siku tatu. Kahawa hii imepoa. Nitakayowajibu nayo nitaipika mwenyewe."

Mzee Nayif alimtazama sana. Kisha akainua mkono kifuani. "Heshima ni yako, na subira ni yetu."

Wakaondoka, vikombe vyote vimejaa. Hanadi alikuwa amesikia kila neno langu. Alisimama, akavua bangili moja moja, akatoka bila kunitazama.

Ami Ziyad hakunipigia kelele. Angenipigia, ningepona haraka. Alikaa kwenye kiti changu cha kompyuta, akafungua jedwali la Kunyonya, akahesabu mistari kwa kidole.

"Kumi na tatu," akasema. "Ningehesabu siku ile, ningejua. Sikuhesabu kwa sababu nilikuamini. Kesho tunakwenda Zarqa, mimi na wewe."

Mama Sabir alilitoa daftari ndani ya foronya ya mto, akalibusu, akaniwekea mapajani.

"Soma wewe," akasema Ami.

Nilisoma ukurasa wa nne, kidole kikifuata kila mstari. Hayumo. Wa tano, hayumo. Wa sita, hayumo, nikaanza kuvuta pumzi. Ukurasa wa saba uliandikwa juu yake "Bondeni", na mstari wa pili ulisema hivi:

"Muhannad mwana wa Jamal askari. Mama yake amefariki, maskini. Siku arobaini na moja. Ana njaa kama mwanakondoo, na akishiba hucheka."

Niliusoma mstari ule mara ya pili. Ami Ziyad alivua miwani.

"Mimi mwaka huo nilikuwa nimeshaolewa huku, sikuwepo," akasema Mama Sabir taratibu. Kisha akashika shavu. "Kumbe huyo kijana ni mdogo wangu."

Posa ilivunjika kwa heshima. Babu alimwendea Mzee Nayif mwenyewe akiwa na daftari mkononi, na hapakuwa na aliyelaumu ukoo. Mimi tu ndiye niliyejilaumu. Hanadi alijifungia siku tatu, na kwa wiki mbili hakusema nami hata neno "nipishe". Kitambaa cha komamanga kilirudishwa kabatini. Kila nilipopita mlangoni mwake nilitamani aniite hata kunitukana.

Siku moja akaniita.

"Mwanzo nilikukasirikia kwa kusema," akaniambia. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nikawaza, kwa nini hakunyamaza? Halafu nikawaza kama ungenyamaza kweli. Ningeolewa, ningezaa, na siku moja mtu angelifungua daftari lile. Sasa hasira yangu ni moja tu, kwamba ulinisubirisha mpaka nimevaa."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nitakusamehe. Si leo. Lakini nitakusamehe."

Mama Sabir alituazima daftari tena, na safari hii Ami Ziyad aliongeza safu mbili katika jedwali: nani ameandika, na kutoka ukurasa wa ngapi. Nikarudi kwenye zile ngazi Jumanne na Alhamisi. Rinad alipiga honi mara moja tu, nikamtikisia kichwa dirishani, akanitolea ulimi na kwenda zake. Nilikuwa nimemaliza ukurasa wa saba Muhannad alipoingia ukumbini, peke yake, kofia mkononi. Hanadi na Bibi walikuwapo wakipanga vikombe. Kwa kuwa sasa alikuwa dada yake, Hanadi hakuondoka, ingawa hakuinua macho.

"Mwalimu Ziyad," akasema Muhannad, "ile kompyuta yako, nami naweza kuiuliza?"

"Uliza, ndugu yangu."

"Iulize nina ndugu wangapi."

Ami aliandika swali la kwanza, la baba na mama. Likatoka jibu ambalo sote tulilijua: hakuna. Akaanza kuandika la pili, la kunyonya. Kidole kilikuwa juu ya kitufe niliposema kwa sauti.

"Subiri, Ami. Kaka Muhannad, jibu litakalotoka halijakamilika. Zimebaki kurasa mbili sijaziandika."

Ami Ziyad aliondoa kidole. Alinigeukia, na tangu siku ya posa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kama zamani.

"Sikiliza, Sundus," akasema. "Na wewe Laith, acha kutafuna, usikie. Kazi isiyokwisha si aibu. Hata mimi ninazo. Aibu ni kusema imekwisha, kwa sababu mwenzako atajenga nyumba juu yake. Mashine hii haijui kusema 'sijui'. Jedwali likiwa tupu husema 'hakuna', na likiwa nusu husema 'hayumo', kwa uhakika uleule. Anayeweza kusema 'bado sijamaliza' ni mtu tu. Ndiyo maana kazi hii tulimpa mtu."

Kisha akabonyeza.

Majina yalishuka mpaka yakapita mwisho wa kioo, ikabidi Ami ayasogeze. Muhannad aliinama karibu, akayasoma kwa kunong'ona. Tawfiq muuza mikate. Mwalimu Suhaila, aliyemfundisha hesabu na kumfinya masikio. Mapacha wa kinyozi. Mama Sabir wa Zarqa. Alipofika kwenye jina la Hanadi aliliruka, kisha akarudi akalisoma kwa sauti kama mengine. Hanadi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamsogezea kiti.

"Kaa basi, kaka," akasema.

Muhannad akakaa. Alihesabu upya kwa vidole, akapotea hesabu, akaanza tena.

"Thelathini," akasema. Alinigeukia, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Thelathini! Na umesema kurasa mbili bado?"